Imepungua Moja

Hotuba kwa walimu wa Kiswahili, wazazi na wanafunzi, Arusha

Mgeni rasmi, walimu wenzangu, wazazi, na nyinyi wanangu mliobanana huko nyuma kwenye mabenchi: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Itifaki imezingatiwa.

Nimepewa nusu saa, nami nina ombi moja. Ninaomba mtoto wa shule apewe nafasi ya kutunga shairi na kulighani kabla hatujamfundisha kulichambua. Nimefundisha Kiswahili katika mji huu kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nililifanya jambo hili kinyume.

Nianze na uwanja wa mpira. Wengi wetu tumepita leo karibu na Uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Kila mwaka nikiingia kidato cha kwanza huwa nawauliza wanafunzi, huyu Sheikh Amri Abeid alikuwa nani? Karibu wote hujibu kwamba alikuwa mchezaji mpira. Mmoja aliwahi kuniambia alikuwa refa. Siwalaumu, hakuna aliyewaambia. Kaluta Amri Abedi alizaliwa Ujiji mwaka 1924. Alikuwa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, kisha akawa waziri katika serikali ya Mwalimu Nyerere, akafariki mwaka 1964 akiwa bado kijana. Na alikuwa mshairi. Kabla ya umeya na uwaziri, mwaka 1954, kilitoka kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi. Tunapochora ubaoni vina, yaani silabi zinazofanana, mizani, yaani hesabu ya silabi, na mishororo, tunatembea kwenye njia aliyoifyeka yeye.

Naomba mlisikie lile neno: kutunga. Aliandika sheria za kutunga. Alikuwa anamkabidhi msomaji zana za kazi, kama fundi anavyomkabidhi mwanagenzi randa na msumeno. Sisi tumezichukua zana zile tukazigeuza orodha ya maswali. Mwanafunzi anafungua diwani, na shairi halijasikika darasani hata mara moja, keshaulizwa dhamira. Anaulizwa ujumbe, falsafa ya mshairi, tamathali za semi. Ninao wanafunzi waliopata alama za juu kabisa kwa kueleza takriri, marudio ya neno, nao takriri hawajawahi kuisikia kwa masikio yao. Waliisoma kimya, wakaipigia mstari kwa kalamu nyekundu.

Ninalisema hili kwa uchungu kwa sababu nami nilinyamazishwa hivyo.

Mimi ni mtoto wa Kibosho. Bibi yangu alikuwa akikata majani ya ng'ombe kihambani huku anaimba kwa Kichaga, na mundu ulikuwa ukikata palepale pumzi yake ilipokatika. Sikujua kwamba ile ni mizani. Nilijua tu kwamba akinyamaza, kazi inakuwa nzito. Nilipokwenda kidato cha kwanza, shule ya bweni, mbali na nyumbani, mwalimu alinisimamisha nisome shairi. Nilisoma vizuri mpaka nilipofika kwenye neno "dhahabu". Ulimi wangu ukasema "zahabu". Mwalimu alilirudia neno kama nilivyolitamka, mara tatu, darasa zima likacheka. Nikakaa. Sikusimama tena mbele za watu mpaka nilipofika chuo cha ualimu. Miaka yote minne ya sekondari nilijibu maswali ya ushairi kwa maandishi, na nilifaulu.

Ndiyo maana darasani kwangu ipo sheria moja ambayo haina mjadala: lafudhi ya mtu haichekwi. Mwenye "r" iliyogeuka "l", mwenye "dh" iliyogeuka "z", mwenye ulimi wa Kimeru, wa Kiiraqw, wa Kirangi, wote wanaghani. Matamshi tutayarekebisha, ni kazi yetu, lakini hatutayarekebisha mtoto akiwa amesimama mbele ya wenzake mdomo wazi.

Sasa tazameni darasa la Arusha lilivyo. Wamo Waarusha na Wamaasai, wamo Wameru, Wachaga, Wapare, Wairaqw. Wamo watoto wa familia za asili ya Kisomali na za asili ya Kihindi zilizokaa mji huu vizazi kadhaa. Miaka ile mahakama ya Rwanda ilipokuwa hapa tulipata watoto waliokuja na Kifaransa, na mpaka leo Jumuiya ya Afrika Mashariki inatuletea wa Burundi, wa Uganda, wa Kenya. Mwalimu wa Kiswahili akiingia darasa kama hili, kishawishi chake cha kwanza ni kutamani wote waongee kama wamezaliwa Unguja. Nilikuwa hivyo. Niliona zile lugha za nyumbani kama tope kwenye viatu, zifutwe mlangoni.

Nilibadilika baada ya zoezi dogo ambalo nililitoa, kusema kweli, kwa sababu nilikuwa nimechoka na vitabu vilikuwa havitoshi. Niliwaambia: nendeni nyumbani, mkamwombe mkubwa mmoja mstari mmoja wa wimbo, au wa methali, au wa maneno ya kumbembeleza mtoto, kwa lugha yake. Mje nao mdomoni. Msiuandike.

Wiki ile nilijifunza zaidi kuliko nilivyofundisha.

Kijana mmoja kutoka upande wa Monduli alisimama akaeleza kwamba kwao yuko anayeitwa olaranyani, ndiye anayetoa sauti, na wenzake wanamjaza chini kwa koo. Alipoombwa aonyeshe, alisema peke yake hawezi, akawaita wenzake wawili, na darasa likatetemeka. Binti mmoja wa Marangu alileta habari ya babu yake: Wachaga wa zamani walikuwa na fimbo iitwayo mregho, imechongwa alama, na mwalimu wa vijana alikuwa akiliimba somo huku kidole kinatembea kutoka alama hii hadi ile. Niliposikia hivyo niliacha chaki. Babu zangu walikuwa na ubao wao wa ushairi, mimi nikaja kuusikia ukubwani, kutoka kwa mwanafunzi. Mvulana wa familia ya biashara kule karibu na Soko Kuu alisimulia mushaira wa babu yake, wazee wamekaa chini, mshairi akitamka mstari mzuri wanampigia kelele za "vaa, vaa", na wakiupenda sana wanamtaka aurudie. Tukakaa tukalitazama lile neno, mushaira, na letu, shairi, tukaona ni ndugu wa tumbo moja, yote mawili yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu. Yule mvulana alikuwa akidhani Kiswahili ni somo la wenzake. Siku ile alitoka kifua mbele.

Na palikuwa na binti wa Kisomali. Nitamrudia, kwa sababu alinisumbua vizuri.

Kutoka hapo tuliingia kwenye mizani, na hapa nataka nikae kidogo, maana watu wananiambia mizani inaua ubunifu wa mtoto. Mimi nimeona kinyume chake, ila kwa sharti kwamba mizani ianze kwenye viganja. Tunapiga makofi. M-to-to: makofi matatu. Mbu-zi: makofi mawili. Mara darasa linalipuka: mwalimu, kwa nini "m" ya mtoto inapigiwa kofi lake na "m" ya mbuzi haipigiwi? Swali hilo lina thamani kubwa kuliko kurasa kumi za sarufi. Tunatamka polepole, tunaweka mkono kooni, tunasikia kwamba katika "mtoto" ile "m" imesimama kwa miguu yake, na katika "mbuzi" imebebwa mgongoni na "b". Mtoto wa Kimeru na wa Kihindi wanaligundua pamoja, dakika ile ile, na hakuna aliyezaliwa analijua. Mizani haimuulizi mtu kabila. Inataka masikio na viganja tu.

Vijana wa Ngarenaro, Kijenge na Unga Limited wananielewa haraka zaidi. Mji huu ni wa wachanaji, na tangu zamani wamo waliochanganya mistari ya Kiswahili na sauti za Kimaasai. Kijana anayeshusha mitindo huru kituo cha daladala anajua sana pumzi inaishia wapi. Ukimwambia shairi la kimapokeo lina ukwapi, nusu ya kwanza ya mstari, wa mizani minane, na utao, nusu ya pili, wa mizani minane, anagonga meza mara mbili tatu, halafu anakwambia, kumbe ndiyo hii.

Basi kijana wa Monduli, yule wa olaranyani, alikuwa mkimya. Kiswahili chake cha kuandika kilikuwa na makosa mengi, na katika mitihani alikuwa wa mwisho mwisho. Tulikuwa tumekubaliana vina, katikati "ma" na mwisho "ni". Alinijia akiwa na mistari mitatu kwenye karatasi iliyokunjwa mara nne, hataki kuisoma. Nikamwambia aighani kwa sauti ya wimbo wowote wa kuchungia anaoujua. Akafumba macho. Mstari wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Alipofika wa tatu alisema, "Ng'ombe wamesimama, wanitazama usoni." Kutoka nyuma ya darasa binti mmoja, mtoto wa mjini kabisa, mama yake anauza nguo soko la Kilombero, akanyoosha mkono. Alikuwa anahesabu kwa vidole. Akasema, "Imepungua moja."

Tulihesabu wote. Ng'o-mbe wa-me-si-ma-ma. Saba. Kijana alisimama kimya muda mrefu, midomo inacheza. Hakutafuta neno kubwa. Alitia "na". "Na ng'ombe wamesimama." Jaribuni kuusikia mstari ule bila "na", kisha uwe nayo. Bila "na" ni taarifa tu. Ikiwepo, ni jambo la mwisho kuongezeka juu ya mengine yote yaliyokwisha kumwelemea: mlima ameuacha, mvua imemnyima, na ng'ombe nao wamesimama. Kanuni ndiyo iliyomlazimisha atafute, na kutafuta ndiko kulikompa kitu ambacho hakukikusudia. Mtanisamehe nikisema sijapata kulifundisha shairi vizuri kama lilivyojifundisha lenyewe dakika ile.

Mstari wa nne ulimchukua wiki tatu. Akavigeuza vina, cha mwisho akakileta kati na cha kati akakipeleka mwisho, jambo ambalo watunzi wa zamani walilifanya na mimi nilikuwa bado sijamfundisha. Hii hapa beti yake, na ruhusa amenipa:

Nimeuacha mlima, nikashuka mabondeni,
Mvua nayo yatunyima, malisho huko nyikani,
Na ng'ombe wamesimama, wanitazama usoni,
Wananiuliza nini, nami sina la kusema.

Nakumbuka mzazi mmoja siku ya kikao aliuliza: hii itamsaidia nini mtihani? Nilimjibu kwamba kijana huyu sasa anaandika insha. Lakini ningependa kumjibu vingine, na ninamjibu leo. Kijana huyu alikuwa amebeba ukame kifuani, ng'ombe wa baba yake wamekufa, na hapakuwa na somo lolote shuleni lililokuwa na mahali pa kuuweka. Beti moja ilipata mahali.

Sasa binti wa Kisomali. Bibi yake alimweleza kwamba katika ushairi wao mkubwa, gabay, kitu kinachoushika mstari ni sauti ya mwanzo wa neno. Mshairi anachagua sauti moja, na kila nusu mstari lazima iwe na neno linaloanza na sauti hiyo, shairi zima, mistari hata mia. Binti alichagua "b". Akaleta hivi:

Bibi kabeba birika, barabara haijui,
Baridi ikamshika, buibui halitoshi.

Mizani imekaa, nane kwa nane. Kina cha kati kimekaa. Kina cha mwisho hakipo: "jui" na "toshi". Kwa arudhi yetu, kanuni zetu za utunzi, hilo ni guni, shairi lenye kasoro. Mwalimu mwenzangu aliyekuwepo alimwambia arekebishe, naye alikuwa sahihi kwa kanuni. Binti akasema, kwa adabu lakini bila kuyumba, "Mwalimu, mlango wake uko mbele." Sikulala usiku ule. Tunavyo vizazi vya wataalamu waliogombana tangu miaka ya 1970 juu ya shairi lisilo na vina, wengine wakilitetea, wengine wakisema si shairi hata kidogo, na mimi siku zote nilikuwa upande wa vina. Bado nipo. Lakini binti huyu hakutupa kanuni. Alikuwa na kanuni ngumu kuliko yangu, imetoka kwa bibi yake, akaitia ndani ya Kiswahili na Kiswahili kikaipokea bila kupasuka. Tulikubaliana aandike mawili: moja kwa mlango wa mbele, moja kwa mlango wa nyuma. Wenzake wakataka kujaribu "b" yake, na kwa mwezi mzima darasa langu lilikuwa linaongea kwa herufi moja mpaka wapishi wakalalamika.

Mnaona ninapokwenda. Watu wakisema tupeleke ushairi kwa watoto wa tamaduni mbalimbali, mara nyingi wanamaanisha tuwapelekee kitu kilichokwisha tengenezwa. Mimi nimeona watoto wanakuja nacho mkononi. Mwalimu kazi yake ni kuwapa lugha moja ya kukutania na kusubiri.

Miaka michache iliyopita shule moja ya hapa ilipokea wanafunzi wageni kutoka Marekani, nasi tukaalikwa tughani pamoja. Wale vijana walikuja na mtindo unaoitwa slam. Mtindo huo una historia inayojulikana: mwaka 1986, katika ukumbi wa Green Mill mjini Chicago, mtu aliyekuwa fundi ujenzi, Marc Smith, alianzisha jioni za kughani ambapo majaji waliokotwa tu miongoni mwa wasikilizaji, wakatoa alama kuanzia sifuri hadi kumi. Ukasambaa, ukaingia mpaka mashuleni. Ninaupenda kwa jambo moja kubwa: ulimrudishia msikilizaji wa kawaida haki ya kusema shairi hili limenigusa au halikunigusa.

Binti mmoja wa kigeni alisema shairi lake kwa nguvu, mikono inakata hewa, machozi yanamlenga. Watoto wetu walimsikiliza kwa heshima, wamekaa kimya kabisa. Alipomaliza alinong'ona kwa mwalimu wake, nadhani alifikiri hawakumpenda. Hawakuwa wamechukia. Walikuwa wanatafuta pa kuingilia. Shairi lake halikuwa na kibwagizo, lilikwenda mbele tu kama mto, na mtoto wa kwetu amezoea kungoja zamu yake.

Kisha wakapanda wetu. Kijana wa Monduli alikuwa ameongeza beti nne, zote zikiishia kwenye mstari ule ule wa "nami sina la kusema". Beti ya kwanza wageni walisikiliza. Ya pili wakaona darasa letu linaitikia. Ya tatu wakaanza kuvumisha. Ya tano walikuwa wanaimba, "nami sina la kusema", kwa "r" na "l" za kwao, na hakuna aliyewacheka, maana watoto wetu sheria yetu wanaijua. Maana ya maneno waliuliza baadaye, tukinywa chai na maandazi. Walipoambiwa, yule binti aliyelia aliomba aandikiwe mstari ule kwenye daftari lake.

Ila zile alama, sifuri hadi kumi, kwa watoto nimezikataa. Nina sababu ya hapa hapa kwetu. Mshairi wa Kiswahili hakuwa anapewa alama. Alikuwa anajibiwa. Mombasa ya Muyaka bin Haji, karne ya 19, washairi walirushiana beti kuvuka bahari, Mombasa na Lamu. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilibeba mashairi ya wasomaji miaka na miaka, na utamaduni wa mmoja kuuliza na mwingine kujibu kwa bahari ile ile, yaani aina ile ile ya shairi, na vina vile vile umeendelea magazetini na redioni. Mtu akikujibu kwa vina vyako mwenyewe, amekusikiliza mpaka silabi ya mwisho. Hiyo ni heshima kubwa kuliko tisa na nusu.

Kwa hiyo darasani kwangu shairi likighaniwa, adhabu na zawadi ni moja: lijibiwe. Na nani alimjibu kijana wa Monduli? Yule yule binti wa Kilombero aliyesema imepungua moja. Hajawahi kuchunga hata mbuzi. Alikaa Jumamosi nzima karibu na mnada akiwaangalia ng'ombe, akarudi akaandika kwa sauti ya ng'ombe wenyewe:

Hatukuombi huruma, twataka maji mtoni,
Tangulia tutahama, tu wazima miguuni,
Ukichoka tutakoma, tulale hapo njiani,
Neno lipo mdomoni, ni wewe wa kulisema.

Hayo, ndugu zangu, ndiyo majibizano, na jina lake la shule mnalijua: ngonjera. Mathias Mnyampala, aliyezaliwa mwaka 1917 kule Dodoma, Mgogo, ambaye Kiswahili hakikuwa lugha ya mama yake, ndiye aliyeukuza mtindo huu ukawa na jina nchi nzima. Baada ya Azimio kutangazwa katika mji wetu huu, Februari 1967, ngonjera zilipelekwa mashuleni kulieleza. Watoto wa kila kabila walisimama pande mbili, mmoja hajui, mwingine anamfahamisha, kwa vina. Siasa ile kila mtu ana maoni yake. Mimi ninatazama umbo: watu wawili wasioafikiana, wanalazimika kutumia mizani ile ile.

Leo ngonjera imekuwa nini? Mwalimu anaiandika usiku. Watoto wanaikariri. Siku ya mahafali wanajipanga kwa sare, wananyoosha mikono kushoto, kulia, wanamkaribisha mgeni rasmi, wanamwomba madawati na matundu ya vyoo, basi. Tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, tunafanya hivyo hivyo. Mgeni rasmi utanisamehe, madawati tunayahitaji kweli. Lakini ngonjera ambayo watoto hawakuitunga, na ambayo pande zake mbili zimekwisha kukubaliana kabla hazijaanza, imebaki ganda. Mtoto anatumika kama spika. Ninaomba mahafali ya mwaka huu tuwaachie watunge wenyewe, hata vina vikichechemea.

Ninachoomba hakigharimu. Kipindi kimoja kila wiki mbili, dakika zile zile 40. Katika mwezi wa kwanza kalamu zikae mkobani, watoto wafanye kazi kwa viganja na midomo. Darasa la wanafunzi 70 ninalijua, nimelifundisha. Huwezi kumsikiliza kila mmoja, lakini unaweza kuweka kibwagizo kimoja ubaoni na kila benchi likatunga beti yake, na mabeti yakashonwa kuwa shairi moja la darasa. Wazazi, kazi yenu ni ndogo na hakuna wa kuwafanyia: mtoto akiwaomba mstari wa lugha ya nyumbani, msimwambie hayo ni mambo ya kizamani, soma vitabu vyako. Mpeni. Mama aliyesahau amuulize bibi. Bibi akiweza kutembea, mleteni shuleni, tutampa kiti cha mbele.

Na walimu wenzangu, haswa mnaoogopa kwa sababu nyinyi wenyewe hamjatunga tangu chuo: tungeni mbele ya watoto, mkosee mbele yao. Siku niliyoandika mstari ubaoni na mwanafunzi akaniambia, "Mwalimu, imezidi mbili," ndiyo siku waliyoanza kuniletea karatasi zilizokunjwa mara nne.

Muda wangu umekwisha, naona mwenyekiti ananiangalia. Wale wawili wamo humu ndani, sasa wako kidato cha nne. Kijana ataghani kwanza, binti atamjibu. Tumekubaliana kwamba leo hawatatumia kipaza sauti. Mstari wa mwisho wa beti ya kijana mmekwisha kuusikia, kwa hiyo akifika pale, msimwache peke yake.

Njooni, wanangu.